Koti la Nuru na Mizani ya Momela

Marahaba, marahaba. Shikamoo zenu nimezipokea zote, sasa kaeni mnisikilize, na huyo mwenye simu aigeuze kifudifudi. Nimekasirika. Nasema mapema ili asije mtu akaniuliza mwishoni, "Babu, mbona unapaza sauti?" Napaza kwa makusudi. Mimi Elisante nimebeba mizigo ya watu Mlima Meru tangu sina ndevu, na magoti yalipogoma nikawekwa stoo pale Ngarenaro, kazi yangu kufunga mabegi ya safari. Kufunga begi ndiyo kazi ninayoijua hapa duniani. Na bado juzi, nyumbani kwangu, sebuleni kwangu, begi nililolifunga kwa mikono yangu hii lilifunguliwa, likatolewa koti, ikawekwa sufuria.

Sufuria! Mtoto anakwenda Uskoti, anabebeshwa sufuria ya ugali. Kwani Wazungu wanachemshia maji kwenye viganja?

Basi, nitafika huko. Kwanza niwaseme nyinyi, maana nyinyi ndio mnaosafiri siku hizi. Leo mko Tengeru, wiki ijayo mko Ujerumani, mara Kanada, na hakuna hata mmoja anayejua kufunga begi. Mnafunga nguo za picha. Nimewaona kwa macho yangu siku ya soko, vijana watatu wanajiandaa kupanda mlima kesho yake, suruali za jinsi zimebana mpaka damu haipiti, raba nyeupe, na mmoja kabeba manukato ya kupulizia. Nikamuuliza, "Koti la mvua liko wapi?" Akanionyesha simu. "Babu, simu inasema jua." Ebo! Simu ilipanda mlima lini?

Sikilizeni. Pale getini Momela utasimama na shati, twiga wanakuangalia, jua linakuchoma shingo. Ukiingia msituni, majani yanakudondoshea maji mpaka kwenye uti wa mgongo hata kama mvua haijanyesha. Ukipita kibanda cha Miriakamba, cha kwanza kulala, upepo unaanza kukutafuta. Na ukikaribia kibanda cha pili, Saddle, unaweza kupigwa na mvua ya mawe, halafu jua, halafu ukungu usione kidole chako, yote hayo kabla chai haijachemka. Nchi nyingi za mbali ziko hivyo hivyo. Anayezifungia begi kwa kuangalia jua la siku ya kuondoka, huyo anajidanganya mwenyewe.

Msidhani nilizaliwa najua. Safari yangu ya kwanza nilikuja Momela na jinsi mpya, redio ya betri kubwa nne, na chupa ya mafuta ya nywele. Mpishi wetu alikuwa mzee mmoja anaitwa Anaeli, Mmeru wa huku huku kwetu, mfupi, tumbo mbele, mdomo mchafu kuliko wote mlimani. Alikichukua kifurushi changu akakigeuza juu chini, kila kitu kwenye majani, mbele ya wagumu wote. Wagumu ndiyo sisi wapagazi tunavyoitana. Akawa anainua kimoja kimoja.

"Hii kazi yake nini?"

"Redio, mzee. Kuna mpira Jumapili."

"Mpira utakufunika ukilala?"

Wagumu wakaangua kicheko. Akainua mafuta ya nywele, akayanusa, akayarusha kwenye boksi lake la jikoni. "Haya nitakaangia vitunguu," akasema. Alipofika kwenye jinsi, nikadhani ataitupa. Wala. "Hii ivae," akaniambia. "Ivae hiyo hiyo, usiivue mpaka tulale."

Nikaivaa, mjinga mimi, nikaona nimependeza. Mvua ikatukuta msituni. Ndugu zangu, jinsi ikilowa inakuwa nzito, haikauki, na inasugua. Nilifika Miriakamba natembea nimepanua miguu kama niliyetoka jandoni jana. Anaeli alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko anamenya viazi. Alinirushia suruali yake kuukuu ya kitambaa chepesi na soksi kavu, akaendelea kumenya. Tangu siku ile sijavaa jinsi kwenda popote penye mvua, na wewe unayecheka hapo nyuma, angalia ulichovaa.

Huyo ndiye alinifundisha kazi. Aliniambia, nguo tatu nyepesi zinashinda koti moja zito, maana tatu unavua moja moja na unavaa moja moja kadiri hali inavyogeuka, lakini koti zito ama unachemka ama unaganda. Sweta liwe la sufu, hata kama limetoboka. Sufu ikilowa bado inakupa joto, pamba ikilowa inakunyonya. Mitumbani usiangalie rangi, shika ndani ya mkono wa sweta uone kama linakwaruza, likikwaruza, nunua. Soksi zinaingia ndani ya viatu, hakuna nafasi ya bure kwenye begi. Utakachokihitaji kwanza kiingie mwisho. Na zipo soksi za kulalia, hizo hazitembei, hazikopeshwi, haziguswi hata aje mkuu wa mkoa. Begi ndani lina mfuko wa mbolea uliofuliwa vizuri, maana usiamini anayekuuzia begi akikwambia halipitishi maji. Wote wanasema hivyo. Nilikaa stoo miaka, nimekausha mabegi ya kila nchi, na hakuna hata moja ambalo halikupitisha maji.

Haya. Sasa niwaeleze kwa nini nikiona mtu anatoa koti kwenye begi la msafiri damu inanipanda kichwani.

Tulikuwa na mwenzetu, Loserian, kijana wa Kiarusha kutoka upande wa Olmotonyi. Mrefu mno, mtu wa kucheka, kila mtu kwake ni "ero", yaani kijana, hata kiongozi wa safari alimwita ero. Mke wake alikuwa amejifungua mtoto wa kike, basi njia nzima ni hadithi za mtoto. Alikuwa na sweta la kijani ambalo mama yake alilinunua mitumbani, na kwa sababu mikono yake ilikuwa mirefu kupita kiasi, mama akaongezea mikono ya sweta kwa uzi mwekundu. Tulimtania sana. "Ero, umevaa taa za barabarani." Yeye anajibu, "Yeyo ndiye amenifumia. Wewe yeyo wako amekufumia nini?"

Pale Momela mizigo ya wapagazi inapimwa getini. Ni jambo zuri, limewekwa kutulinda migongo. Lakini mtu mwenye roho mbaya hata jambo zuri analigeuza. Siku hiyo mzigo wa Loserian ulizidi, na nguo zake zilikuwa humo humo juu ya mzigo, ndivyo tulivyokuwa tunafunga. Ndani kulikuwa na meza ya kukunja na viti vyake, ili mgeni anywe chai akiangalia milima. Kiongozi wetu, ambaye jina lake nalijua na simtaji kwa sababu simpi heshima hiyo, akaangalia mizani, akaangalia foleni, akasema, "Punguza." Loserian akashika kiti. "Sio hicho! Hicho ni cha mgeni. Punguza vya kwako."

Jua lilikuwa linawaka. Nani anakumbuka baridi jua likiwaka? Loserian akatoa blanketi, akatoa koti la mvua, akatoa sweta la yeyo, akaviacha kwenye kibanda pale getini. Mizani ikakubali. Tukaondoka tunaimba.

Siku ya pili, kati ya Miriakamba na Saddle, mvua ya mawe ikatupiga. Sisi tulivaa. Yeye alikuwa na shati na meza. Nilimkuta amekaa kwenye jiwe, anacheka peke yake, haongei ya kueleweka, na alikuwa ameacha kutetemeka. Shikeni hili hata mkisahau mengine yote: mtu aliyelowa akiacha kutetemeka, hajapata nafuu, anaondoka. Tulimvua, tukamvika vyetu, tukalala tumembana katikati kama ndama, tukambeba kumteremsha. Miriakamba hakufika. Alikufa mikononi mwetu, na uchungu huo haujaniisha mpaka leo.

Tulipofika Miriakamba na mwili wake, askari wa hifadhi aliyekuwa na sisi akapiga redio ofisini kwa kampuni. Nilikuwa nimesimama karibu, nilisikia kwa masikio haya. Akasema, mpagazi mmoja amefariki. Halafu sauti ikauliza, "Mizigo ya wageni iko salama?"

Ndiyo. Hilo ndilo swali la kwanza.

Tuliporudi getini, sweta la kijani lilikuwa pale pale kibandani alipoliacha, limekunjwa, kavu kabisa. Mimi ndiye niliyempelekea mama yake.

Safari ile Anaeli hakuwepo, alikuwa anaumwa. Alipopona na kusikia, hakutukana mtu, jambo ambalo lilitutisha zaidi. Safari iliyofuata, tulipofika getini, kabla hatujakaribia mizani, akasema, "Vaeni."

"Vaeni nini, mzee? Jua hili?"

"Kila kitu. Sweta, koti, kofia, soksi za pili. Mzigo ndio unaopimwa. Mtu hapimwi."

Tukavaa. Wagumu wote tumesimama juani Momela tumevimba, jasho linatutoka mpaka kwenye kope. Wageni wanapiga picha. Askari wa hifadhi wanacheka mpaka wanashika mbavu. Kiongozi akaja juu, "Anaeli, unanidhalilishia safari!" Anaeli akamwendea karibu, tumbo likamgusa, akamwambia, "Mzigo huo hapo, upime. Ukitaka nguo za hawa, njoo uwavue mwenyewe, uanze na mimi." Hakuna aliyevuliwa. Tukapita. Mbele kwenye kona ya kwanza tukavua, tukafungia kiunoni, na tangu hapo ikawa desturi ya kundi letu: unapokwenda kupimwa, unavaa vya kwako vyote. Na dawa, kama unayo, inakaa kwenye mfuko wa nguo ya mwilini, kamwe si kwenye mzigo, maana mzigo una njia zake na wewe una zako.

Siku hizi mambo yamebadilika, siwezi kusema uongo. Wapagazi wanakaguliwa nguo zao kabla ya kupanda, yapo makoti ya kuazima, viongozi wengi ni watoto wenye adabu. Nafurahi. Lakini tabia ile ya kuangalia mizani halafu kumpunguza mtu, hiyo haijaondoka. Imeteremka mlimani ikaja kukaa majumbani mwetu, na juzi nimeiona imevaa kitenge.

Mjukuu wangu Nuru mnamjua. Baba yake, mwanangu, alishatangulia, nikamlea mimi. Amesoma mifugo hapa Tengeru, akapata nafasi ya mwaka mzima kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko Uskoti. Kazi ya kuamka giza na kukanyaga matope. Na Nuru ana kifua. Tangu mdogo ana pumu, akipigwa na baridi tu utasikia kinapiga filimbi. Mara mbili nimekesha naye hospitali sijui kama kutapambazuka yupo. Kwa hiyo nilipomfungia begi sikuwa nafanya mchezo. Nilishuka Ngarenaro mwenyewe, nikamtafutia buti, fundi akazishona upya soli. Nikamtafutia sweta mbili za sufu na koti la mvua la bluu, zuri, la kuziba mpaka kidevuni. Nikafunga kwa siku nzima, kwa raha zangu. Nikamaliza nikakaa nikaliangalia lile begi nikajisikia kijana.

Kikafika kikao cha kuaga. Mzee wa kanisa akaomba, tukala, vizuri tu. Halafu wakaanza kuleta. Mnaijua desturi yetu: mtu akisafiri, hasafiri peke yake, anabeba ukoo. Huyu kahawa ya kusaga, huyu unga wa ulezi, yule vitenge, yule twiga wa mbao wa kumpa mwenye shamba. Binti yangu mkubwa, Mama Joshua, shangazi yake Nuru, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa haya yote. Mwanawe Joshua yuko huko huko Uskoti miaka mingi. Basi mzigo wa Joshua peke yake ulijaza kochi: mchele, maharage, majani ya chai, na hiyo sufuria niliyowaambia, na mwiko wake ndani.

Wakaazima mizani ya kahawa ya jirani, wakalitundika begi kwenye boriti. Likazidi. Na mimi nilikuwa nje namsindikiza mzee wa kanisa. Kurudi, nakuta begi liko wazi, Mama Joshua amepiga magoti, na kwenye mkeka kuna buti, sweta mbili, koti la bluu. Na ile dawa ya kuvuta ya Nuru, niliyoiweka kwenye mfuko wa koti, koti likiwa juu kabisa ili alitoe alivae asubuhi, kaitoa, kaisukumiza katikati ya mchele.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Baba, begi limezidi. Tunapunguza."

"Mnapunguza nini?"

"Hivi vya baridi. Joshua kasema huko sasa hivi ni kiangazi. Watu wanakula aiskrimu, baba. Koti la nini?"

"Kiangazi cha Uskoti unakijua wewe?"

"Na wewe unakijua?"

Nikamwambia sikijui cha Uskoti, nakijua cha Momela, na nilimzika mtu kwa sababu yake. Watu wakaanza, "Mzee, tulia. Mzee, presha." Presha yenu wenyewe! Nikaipiga teke ile sufuria ikalia sebule nzima. Nikasema toeni mchele. Mama Joshua akasimama, na machozi yakaanza kumlengalenga, akasema, "Baba, mwanangu sijamwona miaka mingapi? Hajala chakula cha mkono wangu miaka mingapi? Hata mchele humpi?" Hapo sebule yote ikawa upande wake. Na siwezi kusema hakuwa na uchungu wa kweli. Alikuwa nao. Lakini uchungu wake ndio ubebwe na kifua cha mtoto wa marehemu kaka yake?

Nikamwangalia Nuru. Ndiye mwenye begi, ndiye mwenye kifua. Alikuwa ameinamisha macho, adabu imemjaa mpaka inaniudhi. "Sawa, shangazi," akasema. "Nitanunua huko." Atanunua huko! Anashuka kwenye ndege leo, matope kesho, atanunua saa ngapi? Lakini begi likafungwa na mchele wake, na koti likasukumwa chini ya kitanda. Nililala na hasira mpaka meno yananiuma.

Asubuhi nikagonga chumbani kwake. Alikuwa ameshavaa gauni la kitenge, sare na binamu zake, waliyoshona kwa ajili ya picha za uwanja wa ndege. Nikavuta vitu chini ya kitanda.

"Vaa."

"Babu, nitavaaje yote? Uwanjani kuna joto. Nitachekwa."

"Chekwa. Mzigo ndio unaopimwa. Mtu hapimwi."

Akaniangalia. Hadithi ya Loserian anaijua tangu mdogo, sikuhitaji kuirudia. Nikafungua begi mimi mwenyewe, nikachimba kwenye mchele mpaka nikaipata dawa, nikaiweka kwenye mfuko wa koti, na soksi kavu mfuko wa pili, nikavuta zipu. Akavaa. Sweta juu ya gauni, sweta juu ya sweta, koti, buti. Alipotoka nje binamu zake wakapiga kelele. "Nuru! Unakwenda Uskoti au mwezini?" Mama Joshua akanitazama jicho hilo, akasema kwa sauti wote wasikie, "Mtoto anaonekana ana homa. Watamrudisha mlangoni."

Njia nzima Nuru analowa jasho. Kule uwanjani, mnakujua, chini kule joto halina huruma. Wasafiri wengine wanamgeukia. Picha zikapigwa, na kwenye zote yumo amevimba na koti la bluu katikati ya vitenge, na binamu zake wamenuna kwa kuharibiwa picha. Begi likapimwa, likakubali, likaondoka na mchele wake. Nuru akanikumbatia, nikamsikia anapumua kwa shida kwa ajili ya lile joto, nikaingiwa na woga. Nikajiuliza, je, nimemtesa mtoto bure? Akapita mlangoni. Na mimi nikabaki nje nikijua kwamba akiingia tu, kuna choo, kuna pipa, anaweza kuvua akaacha, na nani atamlaumu? Sikuwa na la kufanya. Kazi yangu yote inaishia mlangoni, kama ilivyoishia getini Momela.

Siku zilizofuata sikula vizuri. Kubadilisha ndege mara mbili, halafu basi, simu kimya. Mama Joshua anakuja kila jioni, anakaa kwenye kochi, simu mapajani. Hatusemezani. Ng'ombe tu ndio niliosema nao.

Hatimaye simu ikalia, sebule imejaa. Nikaiwahi mimi. Nuru, sauti yake safi, hakuna filimbi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Uko wapi? Kifua?"

"Niko shamba, babu. Kifua kizima." Akaanza kunieleza. Alishuka kwenye ndege jua linawaka, watu wana kaptula, na kweli wanakula aiskrimu, akajiona kichekesho. Alisubiri begi lake litoke. Likatoka la huyu, likatoka la yule, mpaka mashine ikasimama. La kwake halikuwepo; limebaki kwenye kiwanja kimojawapo njiani, hawajui kipi. Akatoka mikono mitupu. Na kabla basi halijafika, wingu likaja, upepo, mvua ya mawe, watu wenye kaptula wanakimbia huku na huku, na basi lenyewe likachelewa. "Nilivuta zipu mpaka kidevuni, babu. Kifua kilipoanza kubana nikaingiza mkono mfukoni, dawa ipo. Kesho yake nilikamua ng'ombe nimevaa buti zako."

Nilikuwa namwona Anaeli, tumbo mbele, jasho kwenye kope. Nililia, ndiyo, nililia mbele ya watu, na anayetaka kucheka acheke.

Hapo ndipo Mama Joshua alipoinyakua ile simu mkononi mwangu. Binti yangu wa kumzaa. Hakusalimia. Hakuuliza umelala wapi, umekula nini. Sauti ilikuwa imefunguliwa, sebule nzima ilisikia.

"Nuru! Mzigo wa Joshua umefika?"

Nilikuwa Miriakamba tena, kando ya ile redio. Nikafungua mdomo nimrarue, lakini mtoto akaniwahi. Yule yule wa "sawa, shangazi", yule wa kuinamisha macho. Tukasikia upepo wa huko na ng'ombe analia, halafu akasema taratibu, bila ukali wowote:

"Mzigo haujafika, shangazi. Nimefika mimi."